Dari ya mteremko, mita 4.6 kileleni: feni na taa zipi, na zishuke hadi wapi?

Sebule_Wazi

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla dari haijafungwa jipsamu. Mbao za paa bado ziko wazi, kwa hiyo waya zinaweza kupita popote na mbao za ziada zinaweza kupigiliwa.

Sebule ni mita 5 kwa 7. Kuta ndefu zina kimo cha mita 2.7, halafu dari inapanda na paa pande zote mbili hadi mita 4.6 katikati. Kilele kinakwenda sambamba na ule urefu wa mita 7. Dari itapakwa rangi nyeupe.

Nimekwama hapa. Feni iwe moja kubwa au mbili za kawaida? Ikae kileleni au kwenye mteremko, na rodi iwe ya urefu gani? Pili, mchoro wa umeme una daunilaiti 12 za kuchimbia, sita kila upande wa mteremko. Nimesikia taa za kuchimbia hazifai kwa dari ya namna hii, sijui kama ni kweli. Tatu, nataka taa ya kuning'inia juu ya meza ya chakula.

Timazi

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Anza na pembe ya dari, maana ndiyo inayoamua ni feni gani itakubali kufungwa hapo. Dari yako inapanda mita 1.9 ndani ya mita 2.5, yaani sm 76 kwa kila mita moja. Hiyo ni kama nyuzi 37. Kwa wengine mnaosoma: weka pimamaji ya mita moja ikiwa imelala sawa, ncha moja ikigusa dari, kisha pima wima kutoka ncha ya pili hadi darini. Ukipata sm 36 ni nyuzi 20, sm 58 ni nyuzi 30, sm 70 ni nyuzi 35, na sm 100 ni nyuzi 45.

Feni nyingi za rodi zina tufe juu linalokaa ndani ya braketi, na tufe hilo ndilo linaloiachia rodi ining'inie wima hata dari ikiwa na mteremko. Lakini tufe lina mwisho wake. Feni nyingi hukomea karibu na nyuzi 30, nyingine chini ya hapo, na karatasi ya maelekezo huwa inataja kiwango. Ukizidisha, rodi inaegemea ukingo wa braketi, haining'inii wima tena, na feni itayumba hata ukirekebisha mapanga mpaka uchoke. Kwa nyuzi 37 utahitaji kiungo maalumu cha dari ya mteremko, kilichotengenezwa kwa feni hiyo hiyo, la sivyo uiondoe pembe kabisa. Mimi ningeiondoa, na nitaeleza namna.

Kwanza tuone kwa nini mteremko wenyewe ni mahali pagumu. Ncha za mapanga zinatakiwa ziwe angalau sm 45 kutoka ukuta au dari yoyote. Zikikaribia zaidi, feni inakosa hewa ya kuvuta kutoka juu, inavuma kwa kelele na upepo wake unapungua. Chukua feni ya kipenyo cha sm 132: kutoka katikati hadi ncha ni sm 66. Upande unaoshuka, dari yako inapungua sm 50 ndani ya hizo sm 66. Ili ncha ibaki sm 45 kutoka uso wa dari kwa mstari wa karibu kabisa, unahitaji sm 57 nyingine wima. Kwa hiyo mapanga lazima yashuke kama sm 107 chini ya mahali pa kuning'inia. Ukifunga katikati ya mteremko, mita 1.25 kutoka ukutani, dari hapo ina mita 3.65, na mapanga yatakuwa mita 2.58 kutoka sakafuni. Inaingia. Lakini ukisogea hadi mita moja kutoka ukutani, mapanga yanashuka hadi mita 2.39, na ncha inabaki sm 34 tu kutoka ukutani. Hapo umeshavunja masharti.

Kileleni kila kitu kinalegea, kwa sababu dari iko juu kabisa: hata mapanga yakishuka zile sm 107, bado yako mita 3.5 kutoka sakafuni. Tatizo la kileleni ni kwamba hakuna ubapa wa kufungia braketi. Kwa kuwa mbao bado ziko wazi, mwambie seremala atengeneze ubapa mdogo chini ya boriti ya kileleni, upana wa sm 25. Kwa pembe yako, ubapa huo utashusha dari kwa sm 9.5 tu, ukiwa sakafuni utaonekana kama ukanda uliokusudiwa. Uendelee urefu wote wa mita 7 ili usionekane kiraka. Sasa una dari bapa ya mita 4.5, na feni yoyote ya rodi itafungwa bila kiungo maalumu.

Urefu wa rodi ni hesabu ya kutoa. Mapanga yasishuke chini ya mita 2.1 hata kidogo, na upepo mzuri unapatikana yakiwa kati ya mita 2.4 na 2.7. Tuchukue 2.7 kwa sababu chumba ni kirefu kwenda juu na feni iliyoshuka sana itaonekana imedondoka. 4.5 toa 2.7 ni mita 1.8. Humo toa kimo cha feni yenyewe, kuanzia kikombe cha juu (kile kifuniko kinachogusa dari) hadi usawa wa mapanga bila rodi, ambacho mara nyingi ni sm 25 hadi 30. Inabaki rodi ya mita 1.5. Nunua rodi ya kampuni ile ile iliyotengeneza feni. Unene wa rodi na matundu ya bolti hutofautiana, na rodi ya kukatwa na kutobolewa dukani ndiyo inayoleta hatari, kwa sababu tundu likipinda kidogo feni nzima inaning'inia kwa upande mmoja wa bolti.

Usiiache feni juu kabisa na rodi fupi iliyokuja nayo. Kwenye mita 4 na zaidi upepo unatawanyika kabla haujamfikia mtu aliyekaa, na feni haipoozi chumba. Inampooza mtu kwa kupitisha hewa kwenye ngozi yake. Zile feni za kubana darini bila rodi ndizo usiziguse kabisa kwa dari hii.

Kwa mita za mraba 35 ningeweka mbili za sm 132 kwenye mstari wa kilele, kila moja mita 1.75 kutoka ukuta wa mwisho. Zitaachana mita 3.5 katikati kwa katikati.

Mwanga_Laini

Timazi kamaliza upande wa pembe. Ila mkuu Sebule_Wazi, meza ya chakula inakaa wapi hasa? Kama iko mwisho mmoja wa sebule, ile feni ya pili itakuwa juu yake kabisa, na waya wa taa ya kuning'inia utapita ndani ya mzunguko wa mapanga. Vitu hivyo viwili haviwezi kukaa pamoja.

Sasa daunilaiti 12. Si kwamba taa za kuchimbia ni haramu kwenye dari ya mteremko, ila kwa mchoro huo utajuta kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni macho. Taa ya kuchimbia inamulika moja kwa moja kutoka kwenye uso wa dari. Dari ikilala nyuzi 37, taa za upande wa kushoto zinamulika kuelekea ukuta wa kulia, na mtu aliyekaa kulia zinamchoma machoni. Zile zenye kichwa cha kugeuza husaidia, lakini nyingi hugeuka hadi nyuzi 30 au karibu na hapo. Bado zinabaki nyuzi saba za kukosea, na ukigeuza hadi mwisho, ukingo wa tundu unakata sehemu ya mwanga na kuacha kivuli cha mwezi mwandamo darini.

Ya pili ni joto na unyevu. Kwenye dari bapa juu yake kuna nafasi kubwa ya hewa. Kwenye dari inayofuata paa, nyuma ya jipsamu kuna kina cha mbao tu, na humo ndimo kinga ya joto inamokaa. Kila tundu linaondoa kinga hiyo na kupitisha hewa ya ndani yenye unyevu hadi chini ya bati au vigae, ambako inapoa na kutoa majimaji. Baada ya muda utaona duara la rangi ya chai kuzunguka taa, ukadhani paa linavuja. Ukilazimika kuchimbia, nunua zile zilizoandikwa kwamba zinaruhusiwa kuguswa na kinga ya joto na hazipitishi hewa, na upime kina cha mbao kabla, maana taa yenye kina cha sm 14 haiingii kwenye mbao ya sm 10.

Ya tatu ni umbali. Mwanga wa taa moja ukipimwa katikati ya duara lake, ukizidisha umbali mara mbili unabaki robo. Taa iliyokuwa inang'aa vizuri kwenye dari ya mita 2.4 itakuwa hafifu kwenye mita 4.8. Na upana wa duara unabadilika: kutoka mita 3.65, taa ambayo mwanga wake unafunguka kwa nyuzi 60 inatandaza duara la mita 4.2 sakafuni, ya nyuzi 36 mita 2.4, ya nyuzi 24 mita 1.55. Watu hununua za nyuzi 60 kwa mazoea ya dari fupi, halafu wanashangaa mbona taa ni nyingi na chumba bado kina ukungu.

Dari nyeupe yenye kilele ni kioo chako kikubwa kabisa. Imulike hiyo, yenyewe ikurudishie mwanga chini. Rangi nyeupe isiyong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga. Ingekuwa mbao nyeusi iliyopakwa vanishi ningekwambia kinyume, kwa sababu mbao hiyo inameza karibu mwanga wote na umeme unapotea bure.

Hesabu yenyewe iko hivi. Lumeni ni kiasi cha mwanga unaotoka kwenye taa, laksi ni lumeni zinazofika kwenye kila mita ya mraba. Sebule inahitaji laksi 100 hadi 200 kwa mwanga wa kawaida. Tuchukue 150 mara mita za mraba 35, tunapata lumeni 5,250 zinazotakiwa kufika chini. Mwanga wa kurushwa darini hupoteza kama nusu njiani, kwa hiyo funga takriban lumeni 10,000. Weka mkanda wa LED kwenye mfereji juu ya kuta zote mbili ndefu, mita 7 kila upande. Mkanda wa lumeni 500 kwa mita utakupa 7,000 kwa jumla. Ongeza taa nne za ukutani za lumeni 500 kila moja kwenye kuta fupi na taa mbili za mezani, umefika.

Mfereji uweke kwenye mita 2.3 au 2.35, si pale juu dari inapoanza. Ukiubana juu, utapata mstari mkali wa mwanga ukutani na kilele kitabaki giza. Ukiushusha angalau sm 30, mwanga unapata nafasi ya kufunguka na kupanda mteremko. Mdomo wa mfereji uwe na kimo kinachoficha mkanda kwa mtu aliyesimama ukuta wa pili. Jaribu kabla ya kupiga plasta: washa kipande cha mkanda cha mita moja, mtu akae upande wa pili akitazama, na wewe usogeze ubao wa mdomo juu na chini hadi nukta za LED zimpotee.

Chukua mkanda wa volti 24, si 12. Kwa mita 7 uliolishwa upande mmoja tu, mwisho utakuwa hafifu na wenye rangi nyingine kidogo. Lisha katikati au pande zote mbili. Ukitumia wati 5 kwa mita ni wati 35 kwa kila ukuta, kwa hiyo kipunguza umeme (kisanduku kinachoshusha umeme wa nyumba hadi volti 24) cha wati 60 kila upande kinatosha na hakitachemka. Kikae mahali mkono unafika, ndani ya kabati au juu ya mlango. Mkanda wenyewe ulale ndani ya reli ya alumini, maana ukibandikwa kwenye mbao tupu unapata joto na gundi inaachia.

Rangi ya mwanga kelvini 2700 au 3000 kote, yaani mwanga wa njano kidogo; namba ikipanda mwanga unakuwa mweupe zaidi. Ukichanganya 3000 ya mkanda na 4000 ya taa za ukutani, dari nyeupe itakuonyesha kosa hilo kila usiku.

Sebule_Wazi

Asanteni sana wakuu, hii imenifungua macho. Meza iko mwisho mmoja kweli, katikati yake ni mita 1.25 kutoka ukuta mfupi. Kwa hiyo taa ya kuning'inia na feni ya pili zinagongana. Mnashauri niache kipi? Halafu, mwanga wa mkanda ukipita kwenye mapanga hautakuwa unapepesa?

Timazi

Meza ikiwa hapo, mpango unabadilika. Umbali kati ya waya wa taa na katikati ya feni ya pili ungekuwa sm 50, na panga lina sm 66. Haiwezekani.

Acha feni ya pili, kuza ya kwanza. Weka moja ya sm 152 juu ya eneo la kukaa, mita 2.25 kutoka ukuta mfupi wa upande huo, na taa ining'inie mita 1.25 kutoka ukuta wa upande wa meza. Katikati ya viwili hivyo ni mita 3.5; ukitoa sm 76 za panga, waya uko mita 2.74 kutoka ncha. Hautapepea, na kivuli cha panga hakitafika mezani. Rodi inabaki ile ile ya mita 1.5, kwa sababu kileleni dari haikaribii ncha hata za feni hii kubwa. Watu wa mezani watapata upepo mdogo. Kama hilo litakusumbua, acha waya kwenye ukuta mfupi kwa feni ya ukutani, kimo cha mita 2.2, iwe tayari hata usipoifunga sasa.

Kuhusu kupepesa: kunatokea pale taa ndogo yenye mwanga mkali inapokuwa juu ya mapanga, au chini yake ikimulika juu kupitia mapanga. Daunilaiti iliyo ndani ya duara la feni ndiyo mbaya kuliko zote. Mwanga unakatwa mara kadhaa kwa sekunde na chumba kizima kinatetemeka, na wapo ambao kichwa kinawauma. Mkanda mrefu hauna shida hiyo kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu mwanga unatoka kwenye urefu wa mita 7 na vivuli vinafutana. Wa kuangaliwa ni taa za ukutani zinazomulika juu. Iliyo kwenye ukuta mfupi wa upande wa kukaa iwe na kifuniko cha kusambaza mwanga, isiwe na balbu tupu inayoielekea feni.

Seremala_wa_Paa

Niongeze la mbao, maana limepitwa haraka. Jipsamu haishiki feni, na boksi la kawaida la taa halishiki feni. Feni haivuti chini tu. Inasokota na kutikisa, saa baada ya saa, na skrubu ya boksi la plastiki inajifungua yenyewe.

Kabla ya kufunga dari, weka kipande cha mbao cha sm 5 kwa 15 kikiwa kimelala bapa kati ya mbao mbili za paa, pale feni itakapokaa, na kikazwe kwa skrubu kila upande, si misumari, maana misumari inatoka taratibu kwa mtikisiko. Uso wake wa chini uwe sawa na usawa wa ubapa uliotajwa. Kisha boksi la chuma lililoandikwa kwamba ni la feni, na uzito wake uandikwe pia. Feni ya sm 152 yenye rodi ndefu ni nzito, ipime kabla. Skrubu za braketi zipite boksi na ziingie kwenye mbao yenyewe angalau sm 4.

Piga picha ya mbao hizo pamoja na tepu ya kupimia ikionekana, kabla jipsamu haijapanda. Fundi atakayekuja baadaye hatatoboa kwa kubahatisha.

Na kwa wale wenye feni za ndoano badala ya tufe: ndoano yenyewe inaruhusu rodi kuning'inia wima kwenye mteremko wowote, hapo hamna tatizo. Tatizo ni kikombe. Kwenye mteremko mkali upande mmoja wa kikombe unagusa dari na mwingine unabaki wazi. Usikisukume juu kwa nguvu ili kufunika uwazi, kikombe kikigusana na rodi na dari kwa pamoja kinapiga kelele kama kopo. Na mpira wa kwenye bolti ya ndoano usiusahau, pamoja na pini ya kupinda mwisho wa bolti. Feni nyingi zinazoanguka zimekosa pini hiyo ndogo.

Sebule_Wazi

Nimeelewa, nakwenda na feni moja ya sm 152 na taa mezani. Mawili ya mwisho: naweza kutumia dima moja (swichi ya kupunguza mwanga) kwa feni na mkanda? Na taa ya mezani waya wake uwe mrefu kiasi gani?

Mwanga_Laini

Dima ya taa usiiunganishe na mota ya feni kabisa. Mota inavuma, inapata joto, na dima au kapasita inaungua. Feni ya mota ya kawaida inatumia regyuleta yake ya feni. Feni ya mota ya DC haitaki hata regyuleta ukutani. Inatumia rimoti au kidhibiti chake, ukutani iwe na swichi ya kuwasha na kuzima tu. Kwa chumba chako ningechukua DC. Inatumia umeme mdogo, kiasi cha nusu ya mota ya kawaida au chini ya hapo, na kubadili mwelekeo wa kuzunguka kunafanyika kwa rimoti. Kwenye feni za kawaida swichi hiyo iko kwenye mwili wa feni, na kwako itakuwa karibu mita 2.7 juu, kila mara ngazi. Utaihitaji kama kwenu kuna majira ya baridi: joto linakusanyika kileleni, na feni ikizunguka kinyume taratibu inavuta hewa juu, hewa ya moto inashuka kando ya kuta bila kumpulizia mtu.

Mkanda nao uwe na dima inayokubaliana na kipunguza umeme chake. Vitu hivi viwili vinunuliwe pamoja, maana visipopatana taa zinapepesa zikipunguzwa.

Waambie wapitishe hadi kwenye feni waya mbili za moto, moja ya mota na moja ya taa, pamoja na nyutro na ethi, hata kama feni haina taa leo. Waya zinazokuja na feni zinaweza zisifike mwisho wa rodi ndefu. Zikiwa fupi, agiza seti ndefu. Maungio yakae ndani ya kikombe, kamwe yasifichwe ndani ya rodi.

Taa ya mezani: chini ya kivuli chake kuwe na sm 75 hadi 90 kutoka juu ya meza. Meza ikiwa na sm 75, mwisho wa taa uko mita 1.5 hadi 1.65 kutoka sakafuni. Kutoka kwenye ubapa wa mita 4.5 hadi hapo ni karibu mita 2.9, ukijumlisha kimo cha taa yenyewe. Taa nyingi huja na waya wa mita moja au moja na nusu, kwa hiyo agiza waya mrefu tangu mwanzo. Kuunga waya katikati ya hewa hakupendezi wala si salama. Chukua ya waya au mnyororo, inajinyoosha wima yenyewe. Ya rodi ngumu ingehitaji kiungo cha kugeuka kama ingefungwa kwenye mteremko. Ukichukua mnyororo, waya wa umeme upite kwenye pete ukiwa umelegea kidogo, uzito wote ubebwe na mnyororo. Taa nzito ya matawi mengi iwe na mbao yake kama ile ya feni.

Na tafadhali chagua taa yenye balbu ya kubadilishwa, ya E27 (ile ya kuzungusha) kwa mfano. Taa zenye LED iliyofungwa ndani kabisa ni nzuri kwa sura, lakini ikifa kwenye kimo kile unashusha taa nzima.

Timazi

Siku ya kufunga tumieni jukwaa, si ngazi ya kuegemeza. Dari inayopanda haina pa kuegemezea. Umeme uzimwe kwenye sakiti breka na kupimwa kwa testa pale pale kwenye waya. Feni ipandishwe bila mapanga: rodi kwanza, bolti na pini yake, skrubu ya kubana rodi ikazwe pamoja na nati yake, kisha tufe likae kwenye braketi hadi kile kijino cha braketi kiingie kwenye mfereji wa tufe. Izungushe rodi kwa mkono. Ikizunguka pamoja na tufe, bado haijakaa. Wanaofunga kwenye mteremko bila ubapa waelekeze uwazi wa braketi upande wa kilele, ili tufe liegemee upande uliofungwa na lisiweze kuteleza likatoka.

Rodi ya mita 1.5 itayumba kidogo mwendo wa juu kabisa, hiyo ni kawaida. Ikiyumba mwendo wa kati, angalia kwanza skrubu zote za mapanga, kisha usawa wake. Maelekezo mengi yanasema pima kutoka darini hadi kwenye ncha ya kila panga, kipimo kisichokuwa na maana kwenye dari ya mteremko. Simamisha ubao mwembamba kutoka sakafuni hadi ncha ya panga moja, weka alama, kisha usiusogeze ubao. Zungusha mapanga kwa mkono moja moja yapite alama hiyo. Tofauti ikizidi mm 3, kaza au pindisha taratibu shikio la panga lililo juu au chini. Ikibaki kuyumba, chukua kibanio kilichokuja na feni, kiweke katikati ya panga la kwanza na uwashe, halafu panga linalofuata, hadi upate ambalo mtikisiko unapungua. Kwenye panga hilo sogeza kibanio kuelekea ncha na kurudi hadi mahali panapotulia zaidi, kisha bandika kile kiuzito juu ya panga, katikati ya upana wake, usawa wa kibanio, na uondoe kibanio. Mapanga ya seti moja yasichanganywe na ya nyingine, hata kama yanafanana; yamepimwa uzito pamoja kiwandani.